Kitu Kilekile, Hali Nyingine: Kufundisha Hali za Maada Shule ya Msingi

Maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Jiwe ni maada, maji ni maada, na hewa iliyojaa ndani ya mpira wa miguu ni maada vilevile. Kwa kawaida maada huonekana katika hali tatu: yabisi, ambayo baadhi ya vitabu huiita mango, kimiminika, na gesi. Ipo na hali ya nne, plazima, inayopatikana kwenye jua na katika mmweko wa radi, lakini shule ya msingi hutosheka na hizo tatu. Yabisi ina umbo lake na ujazo wake. Kimiminika kina ujazo wake, ila umbo hulipata kwa chombo kilimotiwa. Gesi haina umbo wala ujazo wake yenyewe. Husambaa mpaka ikakijaza chombo kizima.

Maelezo hayo huandikwa ubaoni kwa dakika tano na kukaririwa kwa siku mbili. Kuyakariri si kuyaelewa. Mwanafunzi anaweza kujibu kwenye mtihani kwamba maji hugeuka mvuke, na jioni ya siku hiyohiyo akamweleza mdogo wake kuwa dimbwi la uwanjani limenywewa na jua. Kiini cha somo hili ni wazo moja ambalo haliji kwa kukariri: kitu kikibadili hali hubaki kuwa kitu kilekile, na kiasi chake hakipungui wala hakiongezeki. Barafu ni maji, na mvuke ni maji. Wazo hilo likikaa, mengine yote ya somo hupata mahali pa kushika. Lisipokaa, hali tatu za maada hubaki kuwa majina matatu tu.

Heri ni kwamba mtoto wa Afrika Mashariki huingia darasani akiwa ameshayaona mabadiliko hayo karibu yote. Amenyonya barafu ya mfuko ikamlowesha mkono. Ameona kanga ikikauka kambani, kifuniko cha sufuria kikidondosha maji, nta ya mshumaa ikitiririka na kuganda tena, mafuta ya nazi yakigoma kutoka kwenye chupa asubuhi ya baridi. Kazi ya mwalimu ni kuyachukua hayo ya nyumbani, kuyaweka mezani, kuyapima, na kuyapa majina baada ya kuonekana, si kabla.

Kupanga vitu kabla ya kutoa fasili

Somo la kwanza huanza na vitu vyenyewe. Mezani huwekwa kokoto, kipande cha ubao, sponji, kitambaa na ufutio. Maji, maziwa, mafuta ya kula na asali. Puto lililojazwa hewa. Kisha unga wa mahindi, chumvi na mchanga. Wanafunzi wakiwa katika makundi huvipanga kwenye mafungu matatu, na kila kundi hueleza sababu zake.

Mafungu hayo huonyesha mawazo mawili yaliyozoeleka. La kwanza ni kwamba yabisi lazima iwe ngumu. Kokoto na ubao hupita bila ubishi, lakini sponji, pamba na kitambaa huachwa pembeni kwa sababu ni laini. La pili ni kwamba unga, chumvi na mchanga ni vimiminika, kwa kuwa humiminwa kutoka kopo hadi kopo na kufuata umbo la kopo. Hili ni kosa la mtu anayefikiri. Jina kimiminika lenyewe limetokana na kumimina, na mama humimina unga kwenye sufuria kila siku. Mtoto amelitumia neno kama lugha ilivyomfundisha.

Jibu lake hupatikana kwa kutazama kwa karibu. Punje chache za chumvi hunyunyizwa juu ya karatasi nyeusi na kutazamwa kwa kioo cha kukuzia. Kila punje huonekana kama kijisanduku chenye kona. Ikihamishwa kutoka kwenye kijiko hadi kwenye chupa, kona zake hubaki vilevile. Kinachofuata umbo la chombo ni lundo, wala si punje. Jaribio la pili halihitaji kioo: unga ukimiminwa mezani hujenga kilima, maji yakimiminwa hutandaa. Asali nayo hutandaa, ingawa polepole, na uso wake mwishowe husawazika. Kwa hiyo asali ni kimiminika kizito. Baada ya hapo fasili ikiandikwa ubaoni huwa jibu la mabishano ambayo wanafunzi wameyafanya wenyewe.

Kuithibitisha hewa

Kati ya hali zote, gesi ndiyo ngumu kufundisha, kwa sababu haionekani na kwa sababu majina yake yameshikwa na maana nyingine. Kwa watoto wengi gesi ni ile ya kupikia, au ile ya tumboni. Hewa kwao ni kutokuwepo kwa kitu: chupa isiyo na soda huitwa chupa tupu. Kabla ya kuzungumzia mvuke, mwanafunzi anahitaji kusadiki kwamba hewa ni kitu.

Majaribio matatu hutosha. La kwanza: karatasi hukunjwa na kukazwa kwenye kitako cha ndani cha glasi, kisha glasi hugeuzwa juu chini na kuzamishwa wima katika beseni la maji. Ikitolewa, karatasi ni kavu. Hewa iliyomo imeyazuia maji. Glasi ikiinamishwa kidogo mapovu hutoka, na maji huingia kuchukua nafasi iliyoachwa. La pili hutumia bomba jipya la sindano lisilo na sindano. Hewa huvutwa ndani, tundu huzibwa kwa kidole, na kijiti husukumwa. Husogea, halafu kikiachwa hurudi chenyewe. Bomba likijazwa maji, kijiti hakiendi popote. Hapo mtoto huhisi kwa mkono wake tofauti kati ya gesi na kimiminika: gesi hushindilika, kimiminika hugoma. La tatu ni la uzito. Mpira wa miguu hupimwa kwenye mizani ya kidijitali ukiwa umelegea, hujazwa upepo mpaka ukakaza, kisha hupimwa tena. Huongezeka gramu chache.

Gramu hizo chache hubeba habari kubwa. Lita moja ya hewa ina uzito wa takriban gramu 1.2. Darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3 lina hewa ya zaidi ya kilo 160, uzito unaopita gunia la mahindi la kilo 100. Wanafunzi wa madarasa ya juu wanaweza kuipiga hesabu hiyo wenyewe, wakipima darasa lao kwa kamba.

Mtungi wa gesi ya kupikia nao hutoa mfano mzuri wa kuelezwa, ingawa haufai kuchezewa. Ukiinuliwa na kutikiswa kidogo husikika kitu kikichezacheza ndani, kwa kuwa gesi hiyo imeshindiliwa mpaka ikawa kimiminika. Koki ikifunguliwa, kimiminika hugeuka gesi kidogokidogo na kwenda kwenye jiko. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutulia chini, karibu na sakafu. Ndiyo sababu jikoni penye harufu ya gesi madirisha na milango hufunguliwa, na kiberiti hakiwashwi.

Kuyeyuka na kuganda

Kuyeyuka ni yabisi kuwa kimiminika. Kuganda ni kimiminika kuwa yabisi. Barafu huyeyuka kwenye nyuzijoto 0 za Selisiasi, na maji huganda kwenye nyuzijoto hizohizo. Kila kitu kina kiwango chake. Mafuta ya nazi huyeyuka karibu na nyuzijoto 24, alumini 660, dhahabu 1,064 na chuma 1,538. Fundi wa kusubu masufuria, anayeyeyusha vyuma chakavu vya alumini na kuvimwaga kwenye kalibu ya mchanga, hufanya kazi ileile inayofanywa na joto la mkono juu ya kipande cha barafu. Tofauti yao ni kiasi cha joto.

Jaribio la msingi la sehemu hii linahitaji chupa ya plastiki yenye mdomo mpana na mfuniko, barafu, mizani, na kitambaa. Vipande vya barafu hutiwa ndani, mfuniko hukazwa, chupa hupanguswa na kupimwa. Uzito huandikwa ubaoni. Kabla barafu haijayeyuka, wanafunzi huulizwa watabiri: chupa itakuwa nyepesi, nzito, au vilevile? Kila mmoja hunyoosha mkono na kura huhesabiwa, maana mtoto aliyeweka utabiri hulifuatilia jibu kama lake. Wengi husema itakuwa nyepesi, kwa sababu barafu ni ngumu na kigumu huonekana kizito. Barafu ikiisha kuyeyuka, chupa hupanguswa tena kwa nje na kupimwa. Uzito ni uleule. Kule kupangusa kuna sababu yake. Nje ya chupa hujitokeza matone ambayo hayakutoka ndani, na yakiachwa huongeza uzito. Mwalimu anaweza kuliacha fumbo hilo bila jibu kwa siku hiyo, kwa kuwa lina somo lake mbele.

Shule yenye kipimajoto inaweza kuongeza hatua moja. Kikitumbukizwa katika maji yenye barafu na kusomwa kila baada ya dakika mbili, husimama karibu na 0 kwa muda wote ambao barafu ingalipo, ingawa chombo kimekaa kwenye joto la darasa. Joto linaloingia hutumika kuyeyusha kwanza. Likiisha kuyeyusha ndipo hupandisha nyuzi.

Mafuta ya nazi yana faida ambayo barafu haina: hubadili hali kwenye joto la kawaida la nchi. Mbeya, Iringa au Nairobi, chupa yake huwa imeganda kwa sehemu kubwa ya mwaka. Dar es Salaam au Mombasa huwa kimiminika, isipokuwa asubuhi za kipupwe. Chupa moja ikiwekwa kivulini na kisha juani, au kwenye ndoo ya maji ya barafu na kisha kwenye maji ya vuguvugu, huganda na kuyeyuka mara nyingi kadiri darasa linavyotaka. Mafuta ni yaleyale, na kiasi ni kilekile. Mwanafunzi anayeyaona yakienda na kurudi mara tano hahitaji kushawishiwa zaidi.

Maji yana tabia moja ya pekee. Vitu vingi vikiganda hunywea, lakini maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Ndiyo maana barafu huelea, na chupa ya kioo iliyojazwa maji pomoni na kusahauliwa kwenye friza hupasuka. Chupa ya plastiki iliyotiwa maji hadi alama ya kalamu na kugandishwa ikiwa imesimama huonyesha jambo hilo bila hatari: barafu hupita alama. Uzito, hata hivyo, haubadiliki. Ujazo na uzito ni vitu viwili, na hapa ndipo pazuri pa kuvitenganisha.

Maneno yanayoteleza

Kiswahili cha kila siku hulitumia neno kuyeyuka kwa barafu inayokuwa maji na pia kwa sukari inayopotea ndani ya chai. Katika sayansi hayo ni mambo mawili. Barafu huyeyuka kwa joto peke yake, na kitu kinachohusika ni kimoja. Sukari ndani ya chai humumunyuka: huhitaji kitu cha pili, yaani maji, na huweza kumumunyuka hata kwenye maji baridi. Sukari inayeyuka pale mpishi wa kashata anapoiweka kwenye sufuria kavu juu ya moto ikawa shira. Mwalimu akiyaweka mambo hayo mawili bega kwa bega, kijiko cha sukari ndani ya maji baridi na sukari ya kashata, neno hujigawa lenyewe vichwani mwa wanafunzi.

Kuganda nako kuna mitego. Maji huganda, lakini pia damu huganda, saruji huganda, na maziwa huwa mgando. Saruji hukakamaa kwa kuungana na maji na kuwa kitu kipya. Maziwa huganda kwa kazi ya bakteria wanaoyachachua. Damu ina utaratibu wake wa kuziba jeraha. Hakuna kati ya hivyo kilichobadili hali kama maji yanavyobadili. Maswali mawili hutenganisha: je, kitu bado ni kilekile? Na je, joto au baridi peke yake ingekirudisha kilivyokuwa? Mafuta ya nazi yaliyoganda hurudi yakipashwa. Maziwa mgando yakipashwa hayawi maziwa mabichi. Yai lililoiva haliwi bichi likipozwa, na kuni zilizoungua haziwi kuni. Watoto hufurahia kuleta mifano yao na kuipitisha kwenye maswali hayo, na mifano inayobishaniwa ndiyo yenye faida kubwa.

Swali la mwanafunzi wa Magamba

Kugandisha ndiko kulikozaa mchango wa Tanzania unaojulikana zaidi katika fizikia ya joto, na aliyeutoa alikuwa mwanafunzi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa akisoma Shule ya Sekondari Magamba, wilayani Lushoto. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakachanganya na sukari, wakaacha yapoe, ndipo wakayaweka kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa finyu. Siku moja Mpemba, akihofia kuikosa, aliyaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa.

Aliuliza kwa nini, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipohamia Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, aliuliza tena na akachekwa. Dokta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokwenda kuzungumza shuleni hapo, Mpemba alimuuliza swali lilelile mbele ya wenzake, nao wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Tangu hapo jambo hilo hujulikana duniani kwa jina la Mpemba. Wanasayansi wangali wanabishana juu yake. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walichapisha matokeo yaliyoeleza kwamba hawakupata ushahidi wa kutosha kuwa maji ya moto huganda upesi kuliko ya baridi.

Ubishi huo hauipunguzii habari hii thamani yake darasani. Mpemba alitazama, akashangaa, akauliza, akarudia jaribio, na hakuliacha swali kwa sababu ya kuchekwa. Mwalimu naye ana lake la kujifunza: mtoto akileta jambo lisilolingana na kitabu, jibu linalofaa ni kulijaribu pamoja naye.

Kukauka na kuchemka

Mtoto akiulizwa maji ya kanga iliyokauka yamekwenda wapi, majibu huwa matatu: yamenywewa na jua, yameingia ndani ya nguo, au yameisha. Jibu la kisayansi ni kwamba yamegeuka mvuke na kuchanganyika na hewa. Badiliko hilo huitwa mvukizo. Hutokea kwenye uso wa maji, na halingoji maji yachemke.

Visahani vitatu vya plastiki hutiwa vijiko viwiliviwili vya maji. Kimoja huwekwa juani, cha pili kivulini, cha tatu kivulini kikiwa kimefunikwa. Plastiki hainywi maji, kwa hiyo hoja ya maji kuzama huondoka mapema. Kisahani cha juani hukauka kwanza. Cha kivulini nacho hukauka, ingawa kwa kuchelewa, na hapo hoja ya jua kunywa hulegea: jua huharakisha tu. Kilichofunikwa hubaki na maji, na upande wa ndani wa kifuniko huwa na vitone. Jaribio likirudiwa kwa vipande viwili vya kanga iliyolowa, kimoja kimetandazwa na kingine kimekunjwa, kisha kimoja kikipepewa na kingine kikiachwa, wanafunzi wenyewe huorodhesha mambo yanayoharakisha ukaukaji: joto, upepo, na upana wa uso.

Maji ya chumvi hujibu swali la ziada: je, kila kilichomo huondoka? Kisahani kikikauka, chumvi hubaki. Kazi hiyohiyo hufanyika kwa eneo kubwa kwenye mashamba ya chumvi ya pwani, kama yale ya Gongoni karibu na Malindi na ya Bagamoyo. Maji ya bahari, yenye takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, huingizwa kwenye majaruba na kuachwa kwa jua na upepo. Maji huondoka kama mvuke, chumvi hukwanguliwa. Hii pia ndiyo sababu mvua inayotoka baharini haina ladha ya bahari.

Kuchemka ni tofauti na kukauka. Maji yanapochemka hugeuka mvuke kuanzia ndani, si juu ya uso tu, na mapovu makubwa hupanda kutoka chini. Ndani ya mapovu hayo kuna nini? Utafiti uliochapishwa mwaka 1983 kuhusu watoto wa New Zealand uliwakuta wengi wakisema ni hewa, ni joto, au ni oksijeni na haidrojeni. Walimu wa Afrika Mashariki watayatambua majibu hayo. Mapovu ya mchemko ni maji, yakiwa katika hali ya gesi. Ushahidi ni kwamba huendelea kutoka mpaka sufuria ikauke, wakati hewa iliyomo kwenye maji ni kidogo sana. Kilo moja ya maji ikichemka yote hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke.

Mvuke wenyewe hauonekani. Birika linapochemka, mbele kidogo tu ya mdomo wake kuna nafasi iliyo wazi, halafu ndipo huanza wingu jeupe. Pale penye uwazi ndipo penye mvuke. Wingu ni vitone vidogo vya maji yaliyokwisha kupoa. Si moshi, wala si gesi. Jambo hili huonyeshwa na mwalimu pekee, wanafunzi wakiwa mbali, kwa kuwa mvuke huunguza kuliko maji yaliyochemka: mbali na joto lake, hutoa joto jingi zaidi unapogeuka maji juu ya ngozi.

Usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzijoto 100. Kadiri mahali palivyo juu, mgandamizo wa hewa hupungua na maji huchemka mapema. Nairobi na Mbeya huchemka karibu na 94, na kileleni mwa Kilimanjaro, mita 5,895, karibu na 80. Ndiyo maana maharage ya nyanda za juu huchelewa kuiva hata moto ukiwa mkali.

Matone ya nje ya chupa

Sasa ndipo lile fumbo la chupa hufunguliwa. Mvuke ukipoa na kuwa kimiminika, badiliko hilo huitwa mtonesho. Chupa ya soda iliyotoka kwenye friji hulowa kwa nje, na watoto husema inavuja, au baridi yake imekuwa maji. Mawazo yote mawili hupimika. Chupa ya maji yaliyotiwa rangi nyekundu, mfuniko ukiwa umekazwa, hupozwa kisha huwekwa mezani: matone ya nje hayana rangi. Ikipimwa mara inapotoka na tena baada ya dakika kumi, huwa imeongezeka uzito. Kitu kinachovuja hakiongezeki uzito, na baridi haina uzito. Maji hayo yametoka kwenye hewa ya darasani, labda ni yaleyale yaliyoondoka kwenye kisahani siku iliyotangulia.

Mtungi wa udongo hutoa kinyume chake. Nao hulowa kwa nje, lakini maji yake hutoka ndani, yakipenya kwenye vinyweleo vya udongo. Yakifika nje hukauka, na yakikauka hubeba joto, ndiyo sababu maji ya mtungini huwa baridi bila umeme. Chupa hulowa kwa sababu ni baridi. Mtungi huwa baridi kwa sababu umelowa. Mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti hiyo amelimiliki somo.

Kutoka hapo njia ya kwenda kwenye umande, ukungu, mawingu na mvua ni fupi. Sakitu hustahili kutajwa kwa wanafunzi wa nyanda za baridi kama Kitulo: hewa iliyo karibu na ardhi ikipoa chini ya 0, mvuke wake huweza kuwa barafu juu ya majani bila kupitia kwenye maji. Kinyume chake huonekana kwenye kidonge cha naftalini kabatini, ambacho hupungua siku hadi siku bila kulowesha nguo, kwa kuwa yabisi huenda moja kwa moja kwenye gesi.

Chembe

Maelezo ya kwa nini haya hutokea hufaa kungoja hadi madarasa ya juu ya msingi, baada ya majaribio. Maada yote imeundwa kwa chembe ndogo mno zisizotulia. Katika yabisi chembe zimeshikana na hutikisika mahali pake. Katika kimiminika zimegusana lakini hupishana. Katika gesi zimeachana mbali na huenda kila upande. Joto huzitikisa zaidi, baridi huzituliza.

Uwanja wa shule ndio maabara yake. Wanafunzi 30 husimama bega kwa bega kwa safu na kuyumba bila kuhama: hiyo ni barafu. Mwalimu akitangaza joto, huanza kupishana ndani ya duara la chaki bila kuachana: hayo ni maji. Joto likizidi, hutawanyika uwanja mzima: huo ni mvuke. Akitangaza baridi, hurudi. Mwishoni huhesabiwa, nao ni 30 kama mwanzo. Hakuna aliyeongezeka, aliyepotea wala aliyegeuka mtu mwingine. Mambo mawili husisitizwa baada ya mchezo. Chembe yenyewe haiyeyuki wala haitanuki. Kinachobadilika ni mwendo wake na umbali kati yake na nyingine. Na kati ya chembe moja na nyingine hakuna hewa, hakuna kitu.

Kupima uelewa

Swali la kutaja hali tatu za maada hupima kumbukumbu. Maswali yanayopima uelewa humtaka mwanafunzi achore, atabiri au atetee. Achore kisahani cha maji kabla ya kukauka, kikiwa nusu, na kikiwa kikavu, akionyesha maji yako wapi katika kila mchoro. Atabiri uzito wa chupa iliyofungwa yenye mafuta ya nazi kabla na baada ya kuganda. Apange samli, saruji, maziwa mgando, chumvi ndani ya mchuzi na sakitu, aseme ni kipi kilichobadili hali na kwa sababu gani.

Tanzania hufundisha masomo hayo kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi, kisha sekondari hubadili lugha na kuwa Kiingereza. Istilahi zitakuja mpya. Mwanafunzi aliyebeba wazo atazivalisha juu yake. Aliyebeba maneno matupu ataanza upya. Kwa hiyo usahihishaji hutazama wazo kwanza. Mtoto anayeandika kwamba maji ya dimbwi yamekwenda hewani, na kwamba bado yapo ila hayaonekani, amejibu sawasawa, hata kama neno mvukizo limemtoka.